Mvinyo wa Mezani: Tusilipie Jina na Safari

Iko bidhaa moja inayoingia Visiwani kwa makontena, hununuliwa kwa fedha za kigeni, huuzwa katika mahoteli kuanzia Nungwi hadi Kizimkazi, na wengi wetu tunaona haya hata kuitaja. Bidhaa hiyo ni mvinyo wa zabibu, au divai kama wazee wetu walivyozoea kuiita. Leo tunapenda kuizungumza waziwazi, kwa sababu tunaamini ya kwamba haya hiyo inatugharimu fedha.

Kwanza tuondoe shaka. Walio wengi katika Unguja na Pemba ni Waislamu, na dini yao imewakataza kileo. Hatuandiki ili kumshawishi mtu yeyote aonje. Lakini kutokunywa ni jambo moja, na kutokijua tunachokinunua na kukiuza ni jambo jengine. Wazee wetu hawakuwa wavutaji wa sigara za karafuu za Indonesia, ambako kwa miaka mingi karafuu ya Zanzibar ilikuwa ikienda kuchanganywa na tumbaku. Hata hivyo waliijua karafuu kavu na yenye unyevunyevu, walilijua daraja la kwanza na la pili, na mnunuzi hakuweza kuwababaisha kwa maneno matupu. Elimu ya biashara haimlazimishi mfanyabiashara kuwa mlaji wa kila akiuzacho.

Wala jambo lenyewe si dogo. Mwaka 2023 visiwa vyetu vilipokea wageni zaidi ya 600,000, na mwaka 2024 wakazidi 700,000. Wengi wao hutoka Ulaya, na miongoni mwao wapo waliozoea glasi ya mvinyo pamoja na chakula cha jioni kama sisi tulivyozoea kahawa ya barazani. Mwezi wa Januari 2024, baada ya mabadiliko ya leseni za waagizaji, vileo viliadimika Visiwani na bei zikapanda kwa ghafla, na wenye mahoteli wakalalamika hadharani. Mjadala wa wakati ule ulikuwa juu ya nani apewe leseni. Ulikuwa mjadala wa lazima. Lakini suala jengine lenye uzito ule ule halikusikika sana, nalo ni hili: hicho kinacholetwa, je, kina thamani ya fedha tunazokitolea?

Ili kulijibu suala hilo, hapana budi kujua bei ya chupa imejengwa kwa nini. Tutoe mfano wa Uingereza, nchi ambayo huagiza sehemu kubwa ya mvinyo wake kutoka nje na ambayo hesabu zake ziko wazi. Kuanzia Agosti 2023 hadi mwisho wa Januari 2025, chupa moja ya mvinyo wa kawaida ilitozwa huko ushuru wa paundi 2 na senti 67, iwe ni ya bei ya chini au ya bei ya juu. Chupa iliyouzwa kwa paundi 6 ililipiwa pia paundi 1 ya kodi ya ongezeko la thamani. Zikabaki paundi 2 na senti 33 za kulipia chupa, kizibo, karatasi, meli, ghala, faida ya muuzaji na, mwisho kabisa, mvinyo wenyewe. Sasa tutazame chupa ya paundi 12. Kodi ilikuwa paundi 2, ushuru ule ule wa paundi 2 na senti 67, zikabaki paundi 7 na senti 33. Bei imeongezeka mara mbili, lakini kilichobaki kwa ajili ya mvinyo na watu wake kimeongezeka zaidi ya mara tatu.

Viwango vya kwetu si hivyo, lakini kanuni ni moja popote penye gharama zisizobadilika, kama vile chupa, meli na ushuru unaotozwa kwa ujazo. Anayenunua chupa ya bei ya chini kabisa amelipia zaidi kioo, nauli na ushuru. Kilichomo ndani ni kidogo kwa thamani. Anayenunua chupa ya bei ya juu kabisa amelipia zaidi jina na sifa. Mnunuzi mwenye busara hukaa katikati, tena sehemu ya chini ya katikati hiyo, ambapo kila shilingi inayoongezwa huingia kweli katika kazi ya mkulima na mtengenezaji.

Juu ya jina, upo mfano ambao wenye biashara hii hawausahau. Tarehe 24 Mei 1976, mfanyabiashara mmoja Mwingereza aliyekuwa na duka mjini Paris, Steven Spurrier, aliwakalisha waamuzi tisa wa Kifaransa, watu mashuhuri katika fani hiyo, akawaonjesha mivinyo ya Ufaransa na ya California bila ya kuwaonyesha majina. Upande wa mvinyo mwekundu, nambari ya kwanza ilikwenda kwa Stag's Leap Wine Cellars wa mwaka 1973. Upande wa mvinyo mweupe, ilikwenda kwa Chateau Montelena wa mwaka huo huo. Yote miwili ilitoka California. Waamuzi wale hawakuwa wajinga. Walipofichwa majina, walibakia na kinywa tu, na kinywa kikasema kilichokiona.

Kwa hivyo njia ya kwanza ya kupata mvinyo mzuri wa kila siku kwa bei ya haki ni kumtafuta jirani wa mwenye jina kubwa. Jina la Champagne linalindwa na sheria, na hapana mvinyo unaoruhusiwa kulibeba katika soko la Ulaya isipokuwa uliotoka katika jimbo hilo la Ufaransa. Lakini namna ya kuutengeneza, yaani kuuacha mvinyo uchachuke mara ya pili ndani ya chupa yake ili upate mapovu, si siri ya jimbo moja. Wahispania hufanya vivyo hivyo kwa mvinyo wao uitwao Cava, na Wafaransa wenyewe hufanya hivyo katika majimbo mengine kama Loire na Alsace, wakauita Crémant. Hoteli inayotaka kumpokea bwana harusi na bibi harusi kwa mapovu inaweza kuwafurahisha kwa Cava au Crémant, kwa sehemu tu ya gharama ya Champagne. Vivyo hivyo kusini mwa Ufaransa, Côtes du Rhône ni jirani wa Châteauneuf-du-Pape, na mashamba ya Languedoc hutoa mvinyo mwekundu wa kutosheleza bila ya mnunuzi kulipia umaarufu wa Bordeaux.

Njia ya pili ni kulitafuta zabibu lililopata makao mazuri ugenini. Zabibu la Malbec asili yake ni Ufaransa, na hadi leo hupandwa katika mji wa Cahors, lakini lilipofikishwa Argentina katika karne ya 19 likastawi chini ya milima ya Andes, katika jimbo la Mendoza, hata watu wengi sasa hulihesabu kuwa la huko. Chile nayo ilikuwa na mizabibu ya Carmenère kwa zaidi ya miaka mia moja ikidhani kuwa ni Merlot, mpaka mtaalamu wa Kifaransa, Jean-Michel Boursiquot, alipoitambua mwaka 1994. Nchi hizi mbili huuza mvinyo mwekundu wenye nguvu na wa kuaminika kwa bei isiyoumiza. Hispania, ambayo ina eneo kubwa la mizabibu kuliko nchi nyingi duniani, hutoa Garnacha ya mashamba makongwe ambayo thamani yake huzidi bei yake. Italia ina Nero d'Avola ya kisiwa cha Sicily, na ina Montepulciano d'Abruzzo. Hapa mnunuzi aangalie sana, kwani Montepulciano ni jina la zabibu na pia ni jina la mji wa Toscana wenye mvinyo wake wa bei kubwa zaidi. Ni vitu viwili mbalimbali.

Njia ya tatu, ambayo ndiyo inayotuhusu zaidi sisi watu wa pwani, ni kuulinganisha mvinyo na chakula na hali ya hewa. Mgeni anayekula pweza, changu au kamba kwenye joto la Februari hahitaji mvinyo mwekundu mzito uliokaa miaka katika mapipa. Anahitaji kitu chepesi, cheupe na cha baridi. Na bahati nzuri ni kuwa mivinyo ya namna hiyo ndiyo isiyo ghali, kwa kuwa huuzwa ingali michanga na haidai pipa wala miaka ya kungoja ghalani. Vinho Verde wa kaskazini mwa Ureno una kileo kidogo kuliko mivinyo mingi. Muscadet wa Ufaransa hutoka karibu na bahari ya Atlantiki na huliwa na samaki na chaza. Chenin Blanc wa Afrika Kusini, ambao Makaburu waliuita Steen, ndio uliopandwa kwa wingi zaidi nchini humo, na ule ulioachwa na utamu kidogo huchukuana vyema na nazi, tangawizi na bizari za mapishi yetu.

Juu ya Afrika Kusini tuna neno la ziada. Mvinyo wa kwanza ulikamuliwa huko Cape mwaka 1659, na kwa muda mrefu wa historia hiyo urahisi wa bei ulitokana na jasho la mtumwa, kisha la kibarua. Ulikuwepo mtindo wa kumlipa mfanyakazi wa shamba sehemu ya ujira wake kwa mvinyo, mtindo uliowaachia watu wengi maradhi ya ulevi, na ambao uliendelea kwa siri hata baada ya kukatazwa. Nchi yetu ilikuwa mstari wa mbele kuususia utawala wa kibaguzi, na baada ya uchaguzi wa mwaka 1994 biashara ikafunguka kwa haki. Yapo leo mashamba huko yenye alama ya biashara ya haki, inayothibitisha kuwa kibarua analipwa kwa fedha na kwa kiwango kinachokubalika. Bei nzuri iliyopatikana kwa kumdhulumu mtu haistahili kuitwa nzuri. Mnunuzi wetu aitafute alama hiyo.

Tukirudi nyumbani, yako mambo mawili yanayoharibu thamani ya mvinyo baada ya kununuliwa, na yote mawili yamo mikononi mwetu. La kwanza ni joto. Mvinyo hupenda kuhifadhiwa mahali penye ubaridi wa baina ya nyuzi 12 na 15, pasipo na jua. Kontena likiachwa juani bandarini, au makasha yakipangwa katika stoo yenye paa la bati, mvinyo mzuri hugeuka kuwa mbovu kabla ya kufunguliwa, na fedha za kigeni zikawa zimemwagwa. Ni mvinyo mmoja tu mashuhuri usioogopa jambo hilo, nao ni wa kisiwa cha Madeira, ambao wenyewe waligundua zamani kuwa safari ya merikebu katika nchi za joto iliuongezea ladha, na hadi leo huupasha moto makusudi. Chupa yake ikishafunguliwa hukaa miezi bila ya kuharibika. Inashangaza kuwa mvinyo wa kisiwa, uliozoea joto, hauonekani mara nyingi katika meza za visiwa hivi vya joto.

La pili ni chombo. Chupa moja ya mililita 750 hutoa glasi tano za mililita 150. Hoteli ndogo ikiifungua kwa ajili ya mgeni mmoja, glasi nne zilizobakia huchacha baada ya siku chache, na hasara yake huongezwa katika bei ya glasi ya kwanza. Mwaka 1965 Mwaustralia Thomas Angove alipewa haki ya uvumbuzi wa kuutia mvinyo katika mfuko uliomo ndani ya boksi. Mfuko hunywea kila unapotolewa mvinyo, hewa haiingii, na kilichobaki hudumu kwa wiki kadhaa. Boksi la lita 3 ni sawa na chupa nne, ni jepesi katika meli, na halituachii vioo vya kutupa katika visiwa ambavyo tayari vinahangaika na taka. Kwa mvinyo wa kila siku, boksi si aibu. Aibu ni kumtoza mgeni bei kubwa kwa kitu kilichokwisha kuchacha.

Sasa tufikie jambo ambalo kwetu ndilo kubwa kuliko yote. Katika kuzitafuta nchi mbalimbali zenye mvinyo wa thamani, tumeisahau nchi yetu wenyewe. Dodoma iko katika nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, juu ya uwanda wa mita zaidi ya 1,000, na mizabibu yake, ambayo wamisionari walikuwa miongoni mwa walioianzisha, huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Ulaya haliwezi kabisa. Kiko kituo cha utafiti wa zabibu Makutupora. Viko viwanda vikubwa na vidogo. Na sheria ya ushuru ya Tanzania imekuwa ikiutoza mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu za ndani zaidi ya asilimia 75 kiwango cha chini kuliko ule wa kutoka nje. Pamoja na hayo yote, si mara moja wala mbili wakulima wa Dodoma wamelalamika kuwa zabibu zao zimekosa soko. Wakati huo huo, mgeni anayekula katika hoteli ya Visiwani, ndani ya nchi hiyo hiyo, huletewa orodha ndefu ya mivinyo iliyovuka bahari. Wahenga walitwambia, usiache mbachao kwa msala upitao.

Hatusemi mvinyo wa Dodoma usifiwe kwa sababu ni wetu tu. Kusema hivyo ni kumdanganya mgeni na kumlemaza mtengenezaji. Baadhi ya mivinyo ya huko ni mitamu mno kwa kinywa kilichozoea mvinyo mkavu, na ubora hubadilika kutoka msimu hadi msimu. Lakini wapo watengenezaji wanaofanya kazi kwa uangalifu, na njia ya kuwatambua ni ile ile ya Paris mwaka 1976: majina yafichwe, wageni na wapishi wasiokatazwa na dini zao waonje, na matokeo yaandikwe. Mvinyo utakaoshindwa urudi kiwandani ukarekebishwe. Utakaoshinda upewe nafasi mezani. Mgeni aliyesafiri maelfu ya maili hakuja kunywa kile anachokipata katika duka la mtaani kwao. Mara nyingi huwa na hamu ya kujua nchi hii inatoa nini.

Kwa hayo tuliyoyaeleza, tunayo machache ya kupendekeza. Kwa wakuu wanaohusika na leseni, tunaomba masharti ya kuagiza yatangazwe waziwazi na kwa wakati, waagizaji wawe wengi kiasi cha kushindana, na kila mmoja atakiwe kuonyesha kuwa ana ghala lenye ubaridi. Leseni iliyo mikononi mwa wachache wasio na ghala hupandisha bei na kuharibu bidhaa kwa pamoja. Aidha, njia ya mvinyo wa Dodoma kuja Visiwani iangaliwe upya, ili bidhaa ya ndani ya Muungano isikutane na vizingiti vilivyokusudiwa bidhaa za ng'ambo.

Kwa vyuo vya utalii, tunapendekeza somo la ununuzi wa vinywaji lifundishwe kama hesabu na jiografia, na asilazimishwe mwanafunzi kuonja tone. Kijana wa Makunduchi au wa Wete anayejua kwamba Cava hutengenezwa kama Champagne, na kwamba boksi hudumu kuliko chupa, anaweza kuwa msimamizi wa ununuzi katika hoteli na imani yake ikabaki salama. Leo nafasi hizo mara nyingi hupewa watu wa kutoka nje kwa hoja kwamba wenyeji hawaijui bidhaa. Hoja hiyo tuiondoe kwa elimu.

Kwa wenye mahoteli, tunawaambia wafupishe orodha zao. Mivinyo kumi iliyochaguliwa kwa akili, ikiwamo miwili ya nyumbani, ni bora kuliko arubaini iliyopangwa kwa ajili ya kutisha. Na kila mwisho wa msimu waandike ni ipi iliyonunuliwa, ipi iliyomwagwa na ipi iliyorudishwa na wageni, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Wapo watakaosema kuwa haya si mambo ya gazeti la watu waungwana. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Bidhaa hii inaingia, ikiwa tutaitaja au hatutaitaja. Tukiinyamazia, wanaoijua peke yao ndio watakaopanga bei yake, na fedha ambazo zingejenga darasa au kumlipa mkulima wa Hombolo zitaendelea kulipia majina ya watu na nauli za meli. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Lakini mwenyeji hatapona ikiwa kila kinachowekwa mbele ya mgeni kimenunuliwa na asiyekijua kutoka kwa anayemjua yeye kuwa hakijui.